Salfa ya Mkwe

Faudhia, mwalimu wa kemia Nachingwea, alikuwa amezoea harufu mbaya. Kufundisha watoto kutambua gesi kulimkomaza pua, hata uvundo wa yai viza haukumshtua. Kilichomtia kinyaa msimu huu hakikuwa na harufu hata kidogo.

Alikuwa amekwenda Likunja kumwona mama yake, Bi Mwantumu. Maua ya mikorosho yote yalikuwa yameshikwa na ubwiriunga, meupe kama yamemwagiwa unga, mengine yameshakauka meusi. Mikorosho hiyo ndiyo inayomlisha mama mwaka mzima.

"Kosa langu," alisema mama. "Labda nimepuliza dawa umande umeshakauka, haikushika."

"Salfa uliitoa wapi?"

"Kaniletea mkwe. Sasa mkwe wangu nimuulize nini?"

Mkwe ni Harithi, mume wa Faudhia, mwenye duka la pembejeo mjini. Faudhia alifunga konzi ya ile salfa kwenye karatasi, akaipeleka maabara. Kwanza aliichoma kwenye kijiko. Salfa safi huungua kwa mwali wa buluu ikaisha. Hii iliacha majivu meupe, tena mengi. Nyingine akaidondoshea asidi, ikatoa povu, na salfa haina tabia hiyo. Gesi yake akaipitisha kwenye maji ya chokaa, yakageuka meupe kama maziwa. Kaboneti. Yaani mtu kasaga mawe ya chokaa akayatia humo, halafu mama mtu mzima anaamka alfajiri kuipulizia miti yake. Faudhia aliitia chupa ya asidi mkobani, akaenda dukani kwa mumewe.

Dukani, Harithi hata hakubisha. Aliendelea kumenya karanga.

"Kila duka linachanganya, mama Samia. Mbona mama mwenyewe hakulalamika?"

Faudhia alivitazama vile vidole, akakumbuka kwamba hula navyo sahani moja, na kinyaa kikamshika. Mama hakulalamika kwa sababu mkwe haulizwi. Harithi alilijua hilo vizuri, ndiyo maana mfuko mbovu kuliko yote aliupeleka Likunja.

Akaingia Mzee Adinani, mkulima wa Kiegei, akaulizia salfa. Harithi akainua mfuko taratibu, huku akimtupia mkewe jicho la kumsihi anyamaze.

Faudhia alivuta kiti.

"Karibu, baba, kaa kwanza," alisema, akatoa chupa ya asidi mkobani. "Salfa nzuri haitoi povu. Baba Samia, ufungue huo mfuko tuone."