Leo nimeachia uenyekiti, nikawekwa foleni

Jumamosi, theluji nyepesi tangu asubuhi.

Leo nimeng'atuka kwenye uenyekiti wa chama chetu cha wasimamizi wa vituo vya afya hapa Stockholm.

Nilimkabidhi Mama Espérance, mwenyekiti mpya, nyundo ya mkutano, nikaketi nyuma. Hofu yangu ilikuwa moja tu: wanachama wataendelea kunitazama mimi.

Na walinitazama kweli! Ubishi wa zamu za usiku ulipopamba moto, nyuso zote zikanigeukia.

Nikaanza, "Jamani, sikilizeni..."

Mama Espérance akagonga meza. "Dada Rehema, inua mkono kwanza. Uko wa nne."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Sheria si uliiweka mwenyewe!" akapaza mmoja.

Nafasi yangu ilipofika, wenzangu walishaelewana.

"Sina la kuongeza, mwenyekiti."

Nyie mngenuna?

Saa tatu usiku, nalala. Simu, ambayo wanachama walikuwa wakinipigia hadi usiku wa manane, imetulia.