Siku Mama Aliposhika Pweza

Ninyi mnaopita Kariakoo jioni mnaijua harufu ya supu ya pweza: pilipili, ndimu, na ile chumvi inayokupanda puani kabla hujaiona sufuria. Wengine huwatia njaa. Mimi hunirudisha kwenye miamba ya ufukwe wa nyuma ya Posta, nina miaka minane, nimeloa hadi kiunoni, na Bibi ananikonyeza ninyamaze.

Bibi, mama yake mama yangu, alitoka Kilwa kuja kukaa nasi katika vyumba viwili tulivyopanga hapa Kariakoo. Hapa mjini hakupenda kitu isipokuwa bahari. Bamvua likifika, maji yakatoka mbali, alijifunga kanga, akashika ufito na ndoo, tukakatiza mitaa ya Mchafukoge kwa miguu. Kurudi ndiko kulikuwa na raha zaidi: mkono wa pweza ukining'inia nje ya ndoo, na wanaume wenye tai wakiruka pembeni.

Alinifundisha kulitambua tundu lenye mwenyewe kwa maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni. "Pweza hafagii kwake," alisema. Hapo unachokonoa taratibu, bila pupa, mpaka aung'ang'anie ufito mwenyewe.

Kila tulipotaka kuondoka, Bibi alisimama kwanza mlangoni kwa mama. "Zuhura, maji yametoka."

"Leo nina wateja, Mama."

Mama aliuza vitenge. Alimwamkia Bibi kila asubuhi, alimpikia, alimnunulia dawa. Lakini kukaa naye barazani, hata mara moja. Nilidhani hapendi shombo.

Jumapili moja akaja. Alikuja na mkoba na viatu vya kisigino, nikacheka mpaka Bibi akanifinya. Kule mwambani Bibi alimshika mkono, akamwelekeza ufito tunduni kama alivyozoea kunifanyia mimi. Pweza akatoka, akamzonga mama hadi kwenye kiwiko. Mama alipiga yowe, kisha akacheka, kicheko cha kitoto ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Bibi naye alicheka mpaka akakaa majini.

Ghafla mama akamgeukia Bibi. "Mbona mimi hukunifundisha?"

"Ulikuwa mdogo, mwanangu."

"Na huyu je?" Alininyooshea kidole. "Nilikuwa kama huyu uliponileta huku mjini kwa mjomba."

"Nilitaka usome."

"Nilisomea jikoni kwake, Mama. Nilisoma masufuria."

Bibi aliinama. Alianza kumbandua yule pweza, mkono mmoja mmoja, polepole, kama anayemvua mtoto nguo. Mama alikuwa analia. Nikadhani anaumia, nikamtuliza: "Haumi, Mama, anakunyonya tu." Hakuna aliyecheka.

Tangu siku ile Bibi hakusimama tena mlangoni kwa mama. Nakumbuka asubuhi moja mama akikunja vitenge, akauliza bila kuinua macho, "Maji hayajatoka tu?" Bibi akajibu kwamba miguu inamuuma. Hazikupita siku nyingi akaomba kurudi Kilwa, akasindikizwa kwa heshima zote, na mwaka uliofuata tukaenda kwenye msiba wake.

Tulipoingia uani, bibi mmoja jirani alimshika mama mikono yote miwili, akamtazama usoni. "Ndiye wewe Zuhura uliyeshika pweza? Marehemu alituchosha na habari hiyo. Kila siku Zuhura na pweza, Zuhura na pweza!"

Mama aliketi mkekani, akajifunika kanga uso mzima.

Mimi niliona wivu, nawaambieni kweli. Niliyeshika pweza wengi ni mimi, na hakuna aliyenitaja. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba pale mlangoni Bibi alikuwa akiomba radhi kwa maneno pekee aliyoyaweza, na kwamba asubuhi ile ya vitenge mama alikuwa amekwisha kumsamehe. Nilikuwa nimekaa katikati yao, nakunywa chai.