Matoleo Matatu

Hafsa binti Uweso alikuwa na duka dogo la fotokopi na vifaa vya shule, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani. Umri wake arobaini na tano. Mume alikuwa naye, akafariki, mtoto hakujaaliwa. Aliishi nyuma ya duka na baba yake, Mzee Uweso, ambaye zamani alikuwa mfanyabiashara wa machungwa na mahindi, na sasa, kwa kiharusi, alikuwa mtu wa kitandani asiyesema, wa kulishwa uji na kugeuzwa ubavu.

Waliomjua Hafsa walimcheka kwa jambo moja: hawezi kuacha kitu kiishie njiani. Ukimwanzia umbea ukakatisha, atakufuata mpaka sokoni umalizie. Kitambaa alichoanza kufuma lazima akifume, hata kama rangi ya uzi imemchukiza.

Mwaka huu mvua za masika zilipokaribia, bati la stoo lilivuja. Hafsa akashusha vitu vya juu ya dari, na kati yake lilikuwamo sanduku la bati la marehemu mama yake. Chini ya kanga akakuta magazeti tisa ya katuni, yamefungwa kwa uzi wa katani. *Tambarare*, toleo la kwanza hadi la tisa. Alikaa pale pale sakafuni akasoma, mpaka adhana ya alasiri ikamkuta na mguu umekufa ganzi.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja walipokuwa wakiyasoma, yeye na kaka yake Msafiri, mmoja akifunua, mwingine akisoma kwa sauti. Hadithi waliyoipenda kuliko zote iliitwa "Kisima". Ilimhusu maskini mmoja mwenye kijishamba mpakani mwa shamba la tajiri. Tajiri alikitaka kile kijishamba, maskini akakataa. Katika toleo la tisa maskini aliitwa kwa tajiri wakaongee kiungwana, na picha ya mwisho ilionyesha mkono umeshika mfuniko wa kisima. Chini yake: *Itaendelea*. Toleo la kumi hawakuliona kamwe. Baba aliwaambia gazeti limekufa.

Jioni ile Hafsa akampigia Msafiri, ambaye alikuwa amehamia Likoni, Mombasa, tangu ujana wake, na Tanga alikuwa haji hata kwa Idi.

"Kaka, unayakumbuka *Tambarare*?"

Hafsa alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Sandukuni mwa mama. Mpaka toleo la tisa. Hivi yule wa kisimani aliishia wapi?"

"Yachome, Hafsa."

"Niyachome? Nami nataka kumalizia?"

"Mdogo wangu, nimekwambia yachome." Akakata, na alipopigiwa tena hakupokea.

Mtu mwingine angeachia hapo. Hafsa, kesho yake, alimwachia jirani duka akaenda kumtafuta Anold, aliyekuwa akiuza magazeti karibu na stendi ya zamani. Alimkuta kwenye baraza la nyumba ya mwanawe, macho yameingia ukungu, lakini kumbukumbu kali kama wembe.

"Shikamoo, mzee Anold. Mimi Hafsa, binti Uweso. Naulizia *Tambarare*, toleo la kumi. Tuliambiwa gazeti limekufa."

"Marahaba. *Tambarare*? Toleo la kumi lilikuja. Nani kakwambia gazeti lilikufa? Nilishushiwa nakala arobaini, na sikuwahi hata kukata kamba. Baba yako alizichukua zote. La kumi na moja, zote. La kumi na mbili, zote. Hata za yule mwenzangu wa Chumbageni alizifuata."

"Hukumuuliza anazipeleka wapi?"

"Mwuza magazeti hamwulizi mtu anasomea wapi. Nilidhani anafungia bidhaa." Mzee akapangusa macho. "Ila niliona moshi nyuma ya ghala lake, na ulinuka wino. Mwanangu, mimi ningekuwa wewe ningeuza madaftari."

Hafsa alirudi nyumbani akamkorogea baba yake uji. Alipomwekea kijiko mdomoni alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na mzee naye akamtazama. Tangu hapo kila akiingia chumbani mle alihisi kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyemjua.

Aliweka tangazo la kutafuta *Tambarare* kwenye kundi la simu la waliosoma naye. Siku ya pili mtu wa Muheza akajibu kwamba anayo matoleo yote, marehemu baba yake alikuwa akiyakusanya. Walikubaliana wakutane Ijumaa. Alhamisi yule mtu akaandika: "Samahani, wewe ni binti wa Uweso yupi? Yule mwenye shamba Maramba?" Hafsa akajibu ndiyo. Picha ya yule mtu ikatoweka kwenye simu yake, na namba haikupatikana tena.

Ndipo alipoyachukua yale tisa na miwani, akayapekua ukurasa kwa ukurasa. Katika toleo la kwanza, kwenye kona ya picha, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa: *Michoro na Fanueli, Pongwe.*

Pongwe si mbali. Alishuka barabarani akauliza mara mbili tu. Fanueli alikuwa mzee mrefu, Mbondei, mkono wa kulia umepooza na kulazwa mapajani kama kitu cha kuazima. Hafsa alimwamkia, akajitaja jina na jina la baba yake. Mzee hakushtuka. Alimwita mkewe, akamwomba alete bahasha iliyo chini ya godoro.

"Miaka thelathini na zaidi nimeyalalia," akasema. "Soma hapa hapa. Nyumbani kwako hayafai kuingia."

Hafsa akasoma. Katika toleo la kumi maskini alipigwa shoka kisogoni akiwa anakunywa maji aliyokaribishwa. Katika la kumi na moja ilichorwa nyumba ya shambani: ngazi mbili, tangi la maji juu ya mawe, dirisha lenye nondo za mapambo ya nyota. Zile nyota alizijua. Utotoni alikuwa akizihesabu kwa kidole. Katika la kumi na mbili watu walimwaga zege juu ya kisima, na tajiri akaanika mahindi juu yake. Na Maramba, shambani kwao, ilikuwapo sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi, ambayo mama hakukubali kuikanyaga.

Dirishani, nyuma ya zile nyota, Fanueli alikuwa amechora uso wa mtoto wa kiume.

"Huyu ni nani?"

"Sijui jina lake. Mimi sikuitunga hadithi hii, mwanangu. Nilisimuliwa na Mwanasiti wa Maramba. Kaka yake, Jumbe, aliitwa kwa baba yako mwaka themanini na tisa, hakurudi. Mwanasiti alikwenda kumwulizia, akaona mtoto dirishani. Akamwuliza, 'Jumbe yuko wapi?' Mtoto akajipiga kisogoni kwa ukingo wa kiganja, kama shoka, kisha akanyoosha kidole kule kwenye kisima. Mara akavutwa ndani. Mwanasiti alikwenda kushtaki, akaambiwa kaka yake kavuka mpaka kutafuta maisha. Basi akaja kwangu, kwa sababu alisikia mimi nachora."

"Nawe hukuogopa?"

"Niliogopa. Ndiyo maana nilibadili majina. Ningekuwa jasiri ningeyaacha."

Hafsa alimpigia Msafiri akiwa bado uani kwa Fanueli. Safari hii alipokea.

"Ulikuwa dirishani, kaka."

Alimsikia akivuta pumzi, kisha akalia, mwanamume wa miaka arobaini na saba, kilio cha mtoto.

"Baba aliniambia nikisema, mama atakufa," akasema. "Sikusema, Hafsa. Wallahi sikusema. Na mama akafa vile vile."

Siku tatu Hafsa alizunguka na jambo hilo kifuani. Aliuza kalamu, alitoa fotokopi, alimgeuza baba yake ubavu. Alikuwa baba aliyemlipia ada, aliyemletea viatu vyeupe vya Idi, aliyelia hadharani siku alipofiwa na mume. Alipompangusa mdomo aliogopa ule mkono usiokuwa tena na nguvu hata ya kushika kikombe. Siku ya nne aliweka uji ndani ya chupa, akamwomba jirani amwangalie mzee, akaenda Maramba.

Bi Mwanasiti alikuwa akipepeta choroko uani. Hafsa alipiga magoti mbele yake, akasema yeye ni nani. Yule mama aliendelea kupepeta kwa muda mrefu.

"Nilijua mmoja wenu atakuja," akasema mwisho. "Nilidhani ni yule wa kiume."

"Hana nguvu, mama."

"Nami sina. Unataka nini kwangu? Msamaha siuuzi."

"Sitaki msamaha. Nataka tukamtoe."

Ungo ukasimama hewani. Kisha Mwanasiti akaingia ndani, akatoka na baibui lake.

Walikwenda pamoja polisi kutoa taarifa. Maofisa vijana waliowapokea walikuwa hawajazaliwa Jumbe alipopotea. Waliandika, wakauliza, wakaandika tena. Shamba bado lilikuwa la Mzee Uweso, na Hafsa akatia saini kama mtoto wake. Wiki ya pili vibali vikatoka, wachimbaji wakaanza kupasua ile sakafu kwa nyundo. Wanakijiji walisimama mbali, kwenye michungwa, bila kelele. Hata watoto hawakukimbia.

Siku ya kwanza walitoa mawe. Siku ya pili, saa tano asubuhi, mchimbaji aliyekuwa chini akaita. Wakapandisha fuvu ndani ya ndoo, limefunikwa gunia, lina ufa kisogoni. Baada yake mbavu, kisha mkanda wa ngozi wenye kishikizo cha shaba. Mwanasiti aliuchukua ule mkanda, akaufuta udongo kwa upindo wa baibui. "Ni wake," akasema. "Kishikizo hiki nilimnunulia mimi." Hakulia. Hafsa ndiye aliyelia, akashikiliwa.

Wakadhani kazi imekwisha. Sheikh wa pale akaanza kuulizia sanda. Mara yule wa chini akaita tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ndoo ikapanda na fuvu lingine. Dogo kidogo, meno yote yamo, na bangili ya plastiki nyekundu imenasa kwenye udongo ulioganda chini yake.

Ofisa alimtazama Mwanasiti, Mwanasiti akatikisa kichwa: huyu hamjui. Maramba nzima haikukumbuka mwanamke wa bangili nyekundu aliyepotea. Fanueli, alipoulizwa kwa simu, aliapa kwamba hadithi aliyosimuliwa ilikuwa na mtu mmoja tu. Kazi ikasimamishwa mpaka kesho, kisima kikafunikwa kwa bati.

Hafsa alifika Ngamiani jua likiwa bado juu. Barabara ya kumi na mbili ilikwisha kupata habari; jirani alimkabidhi funguo bila kumtazama, na wanawake wa barazani waliokuwa wakimwita kila siku walishughulika na vikombe vyao. Aliingia chumbani kwa baba yake. Mzee alikuwa macho, ameegemezwa kwenye mito, mikono juu ya shuka.

"Baba," akasema, "Jumbe tumemtoa."

Mzee Uweso akafumba macho, akafumbua.

"Kuna mwingine, baba. Mwanamke. Ni nani?"

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya pikipiki. Hafsa alivuta kigoda akaketi. Ilikuwa miezi mitatu mzee hajatamka neno la kueleweka. Daktari alisema kiharusi kimekula ulimi. Lakini sasa midomo yake ilicheza, na Hafsa akasogeza sikio.

"Wamefika chini?" mzee akauliza, wazi kabisa.

Hafsa aliondoka kwenye kigoda akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akatoa simu, akaitafuta namba ya yule ofisa wa Maramba. Ilipopokelewa akasema kwa sauti ambayo mwenyewe hakuijua, "Kesho msiishie mlipoishia. Chimbeni mpaka mkute mwamba," huku macho ya baba yake yamemkazia, hayapepesi.