Glovu za Kushikia Kamba

Mzee Mansik alikuwa na kila kitu cha mpanda mlima: viatu vya bei mbaya, fimbo mbili za kukunja, kofia pana, hata filimbi ya kuitia msaada. Alichokosa ni kupanda mlima wenyewe.

Msidhani natania. Kwa miaka kumi na minane, Jumapili moja kila mwezi, aliondoka alfajiri na wenzake wa kiwanda cha nyaya kwenda kwenye maporomoko ya maji ya msituni. Wenzake walipanda. Yeye alibaki chini kwa mama muuza chapati za vitunguu, eti analinda mizigo, akinywa pombe ya mchele mpaka warudi. Kimbap za mkewe, wali na mboga alizoamka gizani kuzikunja ndani ya mwani, ndizo zilizofika juu, tena ndani ya mikoba ya watu wengine.

Halafu jioni anasimulia! Ngazi za chuma, maji yanayonguruma, jabali la kupanda kwa kamba. Mkewe Gumrye alikuwa akimwomba, "Baba Hyejin, mwezi ujao nichukue na mimi." Naye humjibu, "Wewe? Na kamba ile? Utavunjika, mama." Basi Gumrye akaenda sokoni akanunua glovu za kazi, zenye viganja vyekundu, za kushikia kamba. Akangoja. Magoti yake hayakungoja.

Mwaka huu binti yao, Hyejin, akatoa amri: mama anatimiza miaka sitini na mitano, twendeni sote kwenye maporomoko ya baba. Akamleta na mwanawe Daon, wa miaka sita.

Pale chini Mansik alivuta kofia mpaka puani, lakini wapi! "Haa, Bwana Mansik!" mama wa chapati alipaza sauti. "Nikuandalie pale pale pako?"

"Kanifananisha," Mansik alisema, akaongeza mwendo. Hyejin alicheka. Gumrye hakucheka.

Njia yenyewe ilikuwa ya mbao, pana, imelala kama baraza. Bibi mmoja aliyepinda mgongo akawapita na kandambili zake. Kikapita kigari cha mtoto mchanga, mtoto amelala fofofo. Katika kila kona Mansik aliomba moyoni itokee kamba, hata ya kuanikia nguo.

"Babu, ngazi za chuma ziko wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele huko, we mtoto!"

Waliokuwa wakishuka waliwatia moyo, "Bado kidogo! Dakika kumi tu!" kama wanavyosema wote wanaoshuka, hata kama imebaki saa nzima. Gumrye aliwashukuru, akajikongoja. Mwishowe goti likagoma. Akaketi kwenye jiwe, jasho likimtoka. Sauti ya maji ilikuwa ikisikika kutoka pale.

"Tangulieni na Daon," akamwambia Hyejin. "Babako atakaa nami."

Wakabaki wawili. Mansik alihisi masikio yanawaka moto. Alitamani ardhi immeze, na fimbo zake zote mbili.

"Mama Hyejin," alisema, "hakuna kamba."

"Nimejua tangu kile kigari kilipotupita."

"Siku ya kwanza kabisa nilitapika kona ya kwanza, kwa pombe ya usiku, wenzangu wakanicheka. Nikaona haya kukwambia. Baadaye nikaona haya kwamba nilikudanganya. Na kila ulipoomba kuja..."

Gumrye alilisugua goti lake. "Miaka ile ningepanda huku nikiimba," alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuumiza Mansik kuliko matusi. Gumrye akafungua mkoba, akatoa zile glovu, karatasi ya bei bado imebandikwa, akaziweka juu ya jiwe kati yao. "Nenda ukayaone. Kisha uje unisimulie. Safari hii kama yalivyo."

Akaenda, fimbo akaziacha. Dakika kumi za watu zilikuwa ishirini, na hapakuwa na jabali hata moja la kumzuia mtu. Juu alimkuta Daon amechovya miguu kwenye dimbwi lenye majani mekundu.

"Babu, ndiyo yale makubwa?"

Mansik akatazama. Yalikuwa maji membamba, yakianguka kutoka kimo cha nyumba ya ghorofa moja, yanang'aa juani, mazuri sana. Mbele yake kulikuwa na benchi, na wazee watatu wamekaa wakimenya mayai ya kuchemsha.

"Ndiyo haya," alisema.

Alishuka mbio mbio, akimtangulia binti yake, asije akapata nafasi ya kuyatunga upya njiani. Gumrye alikuwa pale pale. Baridi ilikuwa imeanza, amezivaa glovu.

"Enhe?" aliuliza. "Yakoje?"

"Madogo," Mansik alisema. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. "Kuna benchi la kupumzikia. Ungefika, Mama Hyejin. Mwaka wowote ule, ungefika."