Wimbo Nilioupiga Juu ya Paa la Gari

Jamani, mwenzenu bado natetemeka. Juzi kule Masoko nilipanda juu ya gari la watalii, lile lenye chumba kinachochomoka ubavuni kama droo. Mimi na Tumpe, mwenzangu wa kuosha magari, tuliitwa tusafishe paa la hicho chumba na kulipaka dawa ya kulikinga na jua. Mwenye gari akaniambia, "Ukimaliza, shuka ugonge, nirudishe chumba ndani."

Tumpe akaenda kuchota maji. Mimi nikabaki nasugua, huku naota tumeoana, tunazunguka nchi nzima na nyumba yetu ya magurudumu. Wimbo ukanijia, nikaupiga kwa brashi palepale juu ya paa. Ko, ko, ko!

Paa likaanza kutembea. Kugeuka, ukuta wa gari unanijia mgongoni, na mbele yangu ni hewa tupu. Nikalala kifudifudi, nikapiga ukunga: "Nakufa mie! Mwambieni Tumpe nampenda! Tangu siku ya kwanza!"

Chumba kikasimama. Mwenye gari akachungulia dirishani. "Si umegonga?"

Na kule chini, sauti ninayoijua: "Nimeshasikia, kaka. Shuka basi unitue ndoo."