Shikamoo ya Mwanaima

Mwanaima wa Makorora hakuwa mwanamke wa maneno. Alikuwa fundi cherehani, na fundi huzoea kukaa na pini mdomoni.

Kila asubuhi alikwenda Chumbageni, kwenye baraza ya Bi Tabia, kupunguza suruali za mitumba ziwaenee watu wa Tanga. Bi Tabia alikwishamwambia kwamba akichelewa tena, cherehani atakalia mwingine. Alichelewa kwa sababu alizunguka njia ya mbali, akikwepa kijiwe cha wanaume waliopunguzwa kiwandani. Kazi iliwatoka, midomo ikabaki.

Siku ile, kwa kuogopa kufukuzwa, alipita palepale.

"Mtoto, mwendo huo kakufundisha nani?" akauliza Mselem, mkubwa wa kijiwe. "Kanyaga taratibu, barabara ya serikali hiyo."

"Anaringa huyo," akasema Kombo. "Na sura yenyewe kaazima."

Ukinyamaza, unaringa. Ukijibu, unapewa jina ambalo mama yako hakukupa. Mwanaima aliyafikiria hayo kutwa nzima, huku akipinda mapindo.

Kesho yake alisimama mbele ya Mselem kabla huyo hajafungua kinywa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mselem alikuwa na miaka thelathini na kitu, na bado akitafuta mke. Lakini shikamoo haiachwi ikaning'inia hewani. Hata mgonjwa mahututi huiitikia.

"Marahaba," akasema, kabla hajafikiri.

Kijiwe kikaangua kicheko.

"Mzee Mselem, kumbe una binti wa kuoza na hutwambii?"

"Posa tulete lini, baba mkwe?"

Mwanaima akafika kazini mapema. Akaendelea hivyo hivyo kila asubuhi, mpaka Kombo alipojaribu tena habari za mwendo, na Mselem akamkata: "Huyo mwanangu. Chunga mdomo wako."

Tatizo ni kwamba Mselem, kwa kukosa kazi nyingine, aliushika ubaba kwa bidii.

"Mwanangu, mbona mtandio umeteleza?" akamsimamisha asubuhi moja. "Na yule kijana uliyesimama naye jana sokoni, mtoto wa nani?"

Kijiwe kizima kikageuka kungoja jibu. Saa ya Bi Tabia ilikuwa inakwenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuuliza, yule kijana..."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sasa wewe..."

"Shikamoo."

Mselem alipomaliza kuitikia ya tatu, Mwanaima alikuwa ameshavuka barabara.