Amri Niliyoiruka

Ndani ya pikapu ya baba kulinuka dizeli na majani ya kabichi yaliyolowa. Mpaka leo harufu hiyo ikinipitia sokoni, mgongo wangu hunyooka wenyewe na macho yakaanza kumtafuta dereva. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, likizo ya Juni, na baridi ilikuwa imeifunga milima kwa ukungu mpaka saa nne asubuhi. Baba alisomba mboga kutoka Mlalo, akapita Lushoto, Soni na Mombo, mpaka Mazinde kule chini kwenye barabara kuu. Mama ndiye aliyenipandisha garini. "Mzungumzishe," aliniambia huku akinifunga kanga mabegani. "Akinyamaza, mguse."

Sikuhitaji kuuliza sababu. Usiku baba alikuwa akipigana usingizini. Alirusha mateke na ngumi, akafokea watu ambao hawakuwapo chumbani, na asubuhi hakukumbuka lolote mpaka auone mdomo wa mama umevimba. Mchana ndipo usingizi ulipomjia, bila hodi, mbele ya sahani ya ugali au kwenye benchi la kanisa. Mkono wake wa kulia nao ulikuwa umeanza kucheza wenyewe juu ya goti. Pale sokoni Mlalo, mwanamke mmoja muuza viazi alimkuta amesinzia juu ya usukani tukisubiri mzigo. "Mzee wa kanisa, hiyo pombe unainywea wapi? Tuelekeze na sisi!" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini aliufunika ule mkono kwa kofia. Alikuwa amemwapia mama kwamba akishika usukani hasinzii kamwe. "Haya ya sokoni yaishie sokoni," akaniambia tulipoondoka. Tulikula kwa gari lile, nami nilielewa.

Mwaka ule nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, kwa hiyo njiani nilimtajia Amri Kumi kwa kichwa, naye akinisahihisha. Niligundua kwamba nikikosea, sauti yake huja upesi: "Rudia." Basi nikawa nakosea makusudi, kila baada ya kona mbili, nikisubiri neno hilo moja.

Siku moja, tukiteremka kutoka Soni, nilitoka amri ya tatu nikaingia ya tano. Kimya. Nimeiruka ile ya kuwaheshimu baba na mama, mbele ya mzee wa kanisa, na kimya! Nikageuka. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, kidevu kiko kifuani, na kona inakuja. Nilipiga ukelele, nikaukamata usukani kwa mikono miwili na kuuvuta upande wa mlima. Gari liligonga ukingo wa udongo likazimika. Kabichi zikabingirika barabarani, zikashika njia ya Mombo bila sisi. Baba alinitazama kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua.

"Ni breki," akasema. "Ukiulizwa, sema ni breki."

Jioni mama aliniuliza, nami nikamwambia ukweli, baba akiwa amesimama palepale. Mama hakugomba. Alichukua funguo mezani akazifunga kwenye pindo la kanga. Gari likauzwa kabla ya mahindi kukomaa, na baba akarudi kwenye jembe. Kwa muda mrefu aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama.

Nimehamahama sana tangu hapo. Ndani ya basi silali. Hukaa nyuma ya dereva nikiyachunga macho yake kwenye kioo. Siku hizi daktari wa baba hulitaja jina la ugonjwa wake, Parkinson, bila kushusha sauti. Anaeleza kwamba kupigana usingizini na kusinzia mchana ni sehemu ya ugonjwa uleule, na kwamba vinaweza kuanza hata kabla mkono haujatetemeka. Zamani zile tulikuwa na maelezo mawili tu, pombe na kurogwa, na baba aliishi kati ya hayo mawili.

Mwezi uliopita niliazima gari nimpeleke kliniki, Tanga. Tulipoanza kuteremka kutoka Soni alilala, na kila kona nilimgeukia kuona kama anapumua. Karibu na Mombo akafumbua macho nusu.

"Nani anaendesha?"

"Mimi, baba."

Hakutazama barabara. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Basi," akasema, akafumba macho tena.